Muhuri wa Kissa

Tlawi, Mbulu
12 Machi 2025

Kissa,

Habari za Getanuwas? Huku mvua inanyesha kila mchana na barabara imeshakuwa tope.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu nimeiacha makusudi. Kuna bwana hapa anaitwa Xavery, ni msaidizi wa kisheria, ndiye aliyenieleza kwamba maneno ya simu hayapigwi muhuri, na mimi sasa hivi nahitaji vitu vyenye muhuri. Barua hii nampa kondakta wa basi la Katesh, ataiacha dukani kwa Mama Glory hapo njia panda. Ujibu kwa njia hiyohiyo.

Naenda moja kwa moja. Tarehe tatu nilirudi kazini. Nilifika getini na begi langu, mlinzi akanipa bahasha kabla sijaingia. Miaka saba nimewapikia watoto wa shule ile, najua nani hali maharage na nani anaficha kande mfukoni, halafu naachishwa kazi nje ya geti kama muuza karanga. Barua ya Mkuu inasema nimekuwa mtoro kwa siku ishirini na moja bila taarifa yoyote. Bila taarifa yoyote, Kissa! Taarifa niliiandika kwa mkono wangu tarehe kumi Februari, ndani yake nikaweka cheti cha zahanati, na shemeji yangu Evarist akaileta hapo ofisini. Aliniambia kwa mdomo wake: nimeshafikisha. Sasa hapo ofisini anayepokea barua ni nani? Ni wewe. Muhuri uko kwenye droo yako na ufunguo wa droo unauvaa shingoni.

Naomba kitu kimoja tu. Toa nakala ya barua yangu, piga muhuri wa tarehe uliyoipokea, unitumie. Xavery anasema tuna siku thelathini tangu nilipoachishwa kuupeleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ya Babati. Siku ya mwisho ni tarehe mbili Aprili. Ikipita, itabidi kwanza tuombe kusamehewa kuchelewa, na si lazima wakusamehe.

Kama kuna mtu alikuambia uifiche, nitajie jina lake. Sitakasirika.

Paskalina Qamara


Getanuwas, Hanang
17 Machi 2025

Paskalina mwenzangu,

"Sitakasirika," umeandika, na kalamu imetoboa karatasi. Nakujua.

Nimekusoma nimesimama, nikafunga mlango wa ofisi, nikatoa kitabu cha kupokelea barua. Nimekipekua kuanzia Januari. Kuna barua ya mtu wa kuni, kuna mzazi anayelalamika kuhusu kunguni, kuna mwaliko wa harusi ya mwalimu wa hesabu ambao umepigwa muhuri mara mbili kwa sababu siku hiyo nilikuwa na furaha. Yako haimo. Nimetafuta chini ya mkeka, nyuma ya kabati, hata kwenye kapu la takataka ambalo tangu Februari limeshamwagwa mara kumi. Hakuna mtu aliyeniletea bahasha yako. Huyo shemeji yako simjui hata kwa sura.

Ulipoondoka ile Ijumaa ulisema unaenda kwenu siku mbili. Jumatatu hukuja. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga wiki nzima, haipatikani. Mkuu aliniuliza mbele ya walimu, "Katibu, rafiki yako yuko wapi?" Ningemjibu nini? Nilisema sijui, maana kweli sikujua. Nilipoona barua yako ya kuachishwa nililia chooni. Mimi ndiye niliyeichapa, Paskalina. Niliagizwa, nikachapa.

Mpishi aliyeletwa ni mtu mwema lakini ugali wake unafaa kujengea. Watoto wanakuulizia.

Sasa niambie la maana. Tumbo limefika wapi? Nimepiga hesabu, ni miezi mitano. Hapa anayejua ni mimi peke yangu, na sijamwambia mtu hata mmoja. Nimeanza kufuma kofia ya njano, maana hukuniambia unataka wa kike au wa kiume. Kula vizuri na uache hasira, zinamfikia.

Wako,
Kissa


Tlawi
21 Machi 2025

Kissa,

Usiniulize tena habari ya tumbo. Usithubutu.

Unajua vizuri sana, umesoma. Nilikuandikia kila kitu. Na bado unanichekea na kofia ya njano! Nilikaa na barua yako jikoni mpaka maharage yakaungua na mama mkwe akaniuliza kama nina malaria.

Basi kwa kuwa umeamua kujifanya hujui, nitaandika tena ili na hii ipigwe muhuri. Mtoto alitoka Jumamosi, tarehe nane Februari, siku moja baada ya kufika kwetu. Nilipelekwa zahanati asubuhi, jioni nikarudishwa nyumbani. Mama mkwe ni mtu wa zamani. Kwake, mwanamke aliyepoteza mimba anaingia metimani. Wewe wa Tukuyu hulijui neno hilo. Maana yake hutoki nje ya ua. Huchoti maji na wengine, huendi uwanjani kwa mtu, hakuna anayekushika mkono, na kitu chako hakipiti kutoka mkono wako kwenda mkono wa mwingine, wasije wakapatwa na yaliyokupata. Zamani ilikuwa miezi. Mama alisema kwangu itaisha mwezi mpya ukiandama. Ningebishana naye? Mume wangu Tadei yuko Basotu kwenye trekta, mimi nimelala sina hata nguvu ya kuinua birika. Simu iliisha chaji siku ya pili, na sehemu ya kuchajia ni dukani kwa Bura, ambako sikuruhusiwa kukanyaga.

Jumatatu niliandika barua, nikaiweka chini ya jiwe kwenye lango la ua, ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamwambia shemeji Evarist kwa sauti, yeye akiwa upande wa pili wa uzio wa minyaa, aichukue aipeleke. Yeye ni kaka yake Tadei, ni katekista, kila Jumapili anawaambia watu waache mambo hayo ya mizimu. Nilijua yeye hataogopa. Baada ya siku nne nikamuuliza tena kupitia minyaa, akajibu, "Nimeshafikisha, shemeji, pumzika." Katekista anidanganye kwa faida gani?

Xavery ameshajaza Fomu Namba Moja. Kabla ya kwenda Babati lazima mwajiri apewe nakala na asaini kwamba ameipokea. Ataileta hapo mwenyewe. Kwenye maelezo nimeandika kwamba taarifa yangu ilipokelewa na katibu wa shule na ikafichwa. Jina lako limo.

Paskalina Qamara


Getanuwas
26 Machi 2025

Paskalina,

Pole. Pole sana, dada. Nimeandika neno hili mara nne kwenye karatasi nyingine nikazichana, kwa sababu najua utalisoma kama uongo. Mimi nilikuwa nafuma kofia wakati wewe unazika. Sikujua. Naapa mbele ya Mungu sikujua.

Nisikilize sasa, hata kama unanichukia. Mkuu amesikia kwamba unakwenda kwenye Tume. Jana aliniita akasema karatasi yoyote ikitoka kwako au kwa mtu wako, nisiipokee, nisisaini, nisipige muhuri. Aliyasema hayo akitazama droo yangu. Xavery akija siku ambayo Mkuu yupo, atarudishwa getini, na siku zako zitaliwa. Jumatatu ni Idd, pengine na Jumanne ofisi zitafungwa. Umebakiwa na nafasi ndogo kuliko unavyodhani.

Ijumaa, tarehe ishirini na nane, Mkuu anaenda kikao. Anaondoka saa mbili asubuhi. Xavery awe getini saa nne. Mlinzi nimeshaongea naye.

Mimi mkataba wangu unaisha Desemba. Hapa sina ndugu, sina shamba, nina kitanda na droo ya muhuri. Ukiacha jina langu kwenye fomu hiyo, nitakuwa ninapokea kwa mkono wangu karatasi ya kunifukuza mimi mwenyewe. Nakuomba ulifute. Lakini hata usipolifuta, aje saa nne.

Kissa


Tlawi
3 Aprili 2025

Shemeji Evarist,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini Bashay wamekupokea vizuri kwenye kigango kipya, na Marieta na mtoto wanaendelea vema. Mama anasema mtoto amefanana na wewe masikio.

Nakupa habari. Fomu ilipokelewa shuleni Ijumaa, ikapigwa muhuri na yule katibu mwenyewe. Xavery anasema alisoma mahali palipo na jina lake, akapiga muhuri palepale. Nilishangaa kidogo. Halafu nikajiambia ni dhamiri inamsuta. Jana, siku ya thelathini, Xavery aliiwasilisha Babati saa nane mchana. Nilikuwa nimekaa hapa sijala tangu asubuhi mpaka aliponipigia.

Sasa imebaki ushahidi. Usuluhishi ni tarehe ishirini na nne Aprili, baada ya Pasaka. Naomba uniandikie karatasi fupi: siku uliyopeleka bahasha, saa, na nani aliipokea. Kama unaweza kuja mwenyewe Babati itakuwa bora zaidi. Hakuna asiyemwamini katekista.

Sitafuti ugomvi, shemeji. Nataka jiko langu, na nataka lile neno mtoro liondoke kwenye jina langu. Mtoro ni mtu aliyekimbia. Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya minyaa nikisubiri mwezi.

Shemeji yako,
Paskalina


Bashay
9 Aprili 2025

Mpendwa katika Kristo, shemeji Paskalina,

Milele amina. Barua yako imenifikia katika kipindi hiki kitakatifu cha Kwaresima, tunapoalikwa kutafakari mateso ya Bwana na kuachilia yale yanayotufunga.

Kuhusu kufika Babati, itakuwa vigumu. Nina mafundisho ya wakatekumeni, nina maandalizi ya Juma Kuu, na baada ya Pasaka kuna semina ya makatekista. Kuhusu karatasi, sioni kama itasaidia, maana mambo ya tarehe na saa mtu huweza kusahau.

Suala la bahasha mimi nilishalimaliza. Nakushauri usimlaumu sana huyo dada wa ofisini. Sisi sote ni wadhaifu. Msamehe, na ikiwezekana uiache kesi, utafute kazi nyingine karibu na nyumbani. Marieta anakusalimu. Mtoto anaongezeka vizuri, sifa kwa Mungu.

Ndugu yako katika imani,
Katekista Evarist


Getanuwas
28 Aprili 2025

Paskalina,

Nilingoja hasira zishuke ndipo niandike. Hazijashuka.

Siku ile Babati nilikuona kwenye benchi la nje kabla hatujaitwa. Umekonda. Nilisahau kesi, nilisahau Mkuu amekaa nyuma yangu, nikakufuata nikakunyooshea mkono. Ukautazama, ukauacha hewani. Mkuu alicheka kwa pua.

Halafu ndani. Yule msuluhishi mama alijitahidi sana, akatuita upande mmoja mmoja, akauliza nini kingetosha kumaliza jambo hili tukiwa mezani. Mkuu akasema hana la kusuluhisha na mtoro. Wewe ukasema unataka kurudi jikoni. Akakuuliza taarifa ulimpa nani, ukanyoosha kidole. Miaka mitano tumelala chumba kimoja, Paskalina, nimekusuka nywele, umenikanda mgongo nilipoanguka bafuni, na ukaninyooshea kidole kama mwizi wa kuku.

Sasa cheti cha kwamba usuluhishi umeshindikana kimetoka, na shauri linaenda kwa Mwamuzi. Mkuu ameshanipa onyo la maandishi kwa kupokea fomu yako. Na jana ameongeza. Amesema ama wewe ni mwongo, ama mimi nilificha barua, na yeyote kati yetu Mwamuzi atakayemwona ana hatia, hatakaa kwenye shule yake. Nimeuliza, na kama hakuna mwenye hatia? Akasema nisimchezee.

Huna shahidi. Nilitazama, hukuja naye. Katekista wako alikuwa wapi? Kama kweli alinipa bahasha mkononi, kwa nini hakuja kuniangalia usoni aseme?

Nipe anwani yake.

Kissa


Getanuwas
5 Mei 2025

Mwalimu Evarist,

Shikamoo. Hunifahamu. Mimi ni Kissa, katibu wa shule aliyofanya kazi Paskalina. Anwani nimepewa na Xavery, kwa sababu Paskalina hajanijibu.

Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana. Nina maswali mepesi. Siku uliyoleta bahasha, ofisi yangu uliiona iko ghorofani au chini? Mlango una rangi gani? Mimi ni mrefu au mfupi? Kuna kitu kikubwa ukutani mwangu ambacho kila mgeni akiingia hukiulizia. Ni kitu gani? Unipe jibu la hata moja tu, na nitakwenda kwa Mwamuzi mwenyewe kukiri kwamba nilisahau barua ya mwenzangu, nifukuzwe, niende zangu Tukuyu kwa amani.

Lakini kama huna jibu, Mwalimu, basi unajua barua iko wapi.

Mimi si Mwiraqw kama ninyi. Paskalina amenieleza kuhusu metimani kwa mistari michache. Nimeisoma mistari hiyo tena na tena. Anasema kitu chake kilikuwa hakipiti mkono kwa mkono. Anasema alikiweka chini ya jiwe. Nikajiuliza swali la mgeni: je, kuna aliyekiinua?

Shauri litasikilizwa tarehe kumi na mbili Juni. Wanawake wawili hawasalimiani, na mmoja wetu atapoteza kazi siku hiyo.

Kwa heshima,
Kissa


Bashay
14 Mei 2025

Paskalina,

Nimeanza barua hii kwa Tumsifu nikaifuta. Sistahili kuanza hivyo leo.

Bahasha yako ninayo. Iko ndani ya sanduku langu la vitabu. Haijawahi kufika Getanuwas. Haikuvuka hata kijito cha hapo Tlawi.

Asubuhi ile uliponiita nilikwenda mpaka kwenye jiwe. Nililiona, nikaona na kona ya mfuko wa nailoni. Nikainama. Unajua Marieta alikuwa na miezi minane, na unajua watoto wawili waliotangulia tuliwaweka wapi. Nilijiambia maneno yote ninayowaambia waumini. Nikayasema kwa sauti. Halafu nikafikiri kwamba mkono utakaogusa jiwe hili ndio utakaogusa tumbo la Marieta jioni. Nikasimama. Kesho yake nikaja tena, nikasimama. Siku ya tatu hivyohivyo. Siku ya nne uliniuliza kupitia minyaa, na sauti yako ilikuwa ya mgonjwa, nikasikia mdomo wangu unasema nimeshafikisha.

Mama aliposema imekwisha, tarehe mbili Machi, nilikwenda nikaliinua lile jiwe. Ulikuwa ungali unafunga begi lako ndani. Ningeweza kuingia nikakuambia palepale. Ungerudi shuleni na barua mkononi, ungemweleza Mkuu. Niliona aibu. Kila Jumapili nawaambia watu waache hofu hizo, na kumbe ndani ya parokia nzima mwoga wa kwanza ni mimi. Marieta alijifungua salama baada ya wiki mbili, na tangu siku hiyo kila nikimbeba mtoto naona ile bahasha.

Huyo dada Kissa ameniuliza mlango wake una rangi gani. Sijui, Paskalina. Sijawahi kufika.

Sikuifungua. Sikuichoma. Nitakuja Babati tarehe kumi na mbili Juni, nitaiweka mezani mbele ya Mwamuzi, nitasema kama nilivyosema hapa. Padri nimeshamwambia. Mama hajui, najua atanikataa. Nakala ya barua hii namtumia yule dada, kwa sababu uongo wangu nilimwekea yeye kichwani.

Sikuombi unisamehe sasa.

Evarist


Tlawi
20 Mei 2025

Kissa,

Sijui nianzie wapi. Nimekaa na barua ya shemeji siku mbili kabla ya kushika kalamu.

Nilikunyooshea kidole mbele ya watu. Ulipiga muhuri kwenye karatasi iliyokutukana, ukapewa onyo kwa ajili yangu, na mimi nikasema ni dhamiri inakusuta. Uliponiuliza habari za mtoto nilidhani unanicheka. Kumbe ulikuwa mtu pekee duniani ambaye kwake mtoto wangu alikuwa bado anakua. Nikikumbuka kofia ile natamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe ameshajua. Hanisemeshi, anaweka chakula anaondoka. Anasema mambo ya ndani ya ua hayapelekwi Babati kuandikwa na watu wa serikali, na kwamba nitamvua mwanawe nguo mbele ya kanisa. Kuna wakati namwonea huruma Evarist kuliko ninavyomkasirikia. Angekuwa mtu mwingine asiyeogopa kufiwa, angeinua jiwe. Lakini angekuwa mtu mwingine mimi nisingemwomba.

Nimefikiri kuiacha kesi. Kweli nimefikiri. Tadei anasema niamue mwenyewe. Lakini nikiiacha, mimi nabaki mtoro, na wewe unabaki mwizi wa barua. La kwangu ningeweza kulibeba. La kwako siwezi.

Kwa hiyo nitasema. Nitasema mimba, nitasema metimani, nitasema jiwe. Xavery anabadilisha maelezo, jina lako linatoka kwenye lawama. Mwambie Mkuu ajiandae.

Sitegemei unisalimie siku hiyo.

Paskalina


Getanuwas, Hanang
14 Julai 2025

Paskalina,

Uamuzi umefika. Mkuu aliusoma mlango ukiwa umefungwa, akatoka bila kofia, akauweka mezani kwangu akasema, "Ingiza kwenye kitabu." Nimeuingiza. Nimepiga muhuri kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka.

Wewe utapata nakala yako kwa Xavery, lakini siwezi kungoja. Mwamuzi ameandika kwamba hukuitwa kujieleza kabla ya kuachishwa, na hilo peke yake ni kosa. Ameandika pia kwamba mtu aliyeandika taarifa siku ya tatu tangu apoteze mimba, akaweka na cheti, hakuwa na nia ya kutoroka, hata kama taarifa ililala njiani. Umerudishwa kazini. Neno mtoro limefutwa, Paskalina. Jumatatu ya tarehe ishirini na moja unaingia. Mimi Mkuu hajaniambia kitu. Desemba itajijua yenyewe.

Juu ya katekista, nasikia Padri amempumzisha kwa muda. Siku ile wakili wa shule alimuuliza, "Wewe mtu wa kanisa uliogopa jiwe?", naye akajibu, "Ndiyo, niliogopa." Nilikuja pale nikiwa nimejiandaa kumchukia. Nilishindwa.

Sasa kuna jambo ambalo sikukuambia. Utakumbuka Mwamuzi alipoifungua bahasha mbele yetu zilitoka karatasi tatu: barua yako ya kwenda kwa Mkuu, cheti cha zahanati, na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, juu yake jina langu. Alikisoma mstari wa kwanza, akakikunja tena, akasema hiki si cha shauri, akanipa. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, sidhani kama uliona. Tulitoka kila mmoja na watu wake na sikukufuata, kwa sababu nilikumbuka benchi lile.

Nilikiweka kwenye droo, pamoja na muhuri. Mwezi mzima sikukisoma. Niliogopa, nami pia nina mawe yangu. Leo baada ya kuingiza uamuzi nimekifungua. Nakurudishia maneno yako upande wa pili wa karatasi hii, uone kwamba yamefika. Jumatatu nitakuwa getini saa moja kasoro. Sitauliza habari yoyote.

Kissa


*IMEPOKELEWA*
*14 JULAI 2025*

Tlawi, 10 Februari 2025

Kissa,

Barua kubwa mpe Mkuu. Hii ndogo ni yako.

Yule niliyekuambia habari zake hayupo tena. Alitoka Jumamosi. Nikirudi usiniulize, nitalia mbele ya masufuria na watoto wataona. Waambie tu nina homa.

Huku wamenikalisha peke yangu mpaka mwezi mpya. Wananijali, wananiletea uji, lakini wanauweka chini wanaondoka ndipo niuchukue. Nina siku mbili sijaguswa na mtu.

Nina ombi moja. Siku nitakayorudi, kabla ya salamu, kabla ya kuniuliza chochote, nishike mkono.

Paskalina